Pedali Si Haba

Binti yangu hakuniomba nimzuie mume wake. Naanza na hilo kwa sababu watu waliosikia habari hii baadaye walimsema yeye, kwamba ni mwanamke gani anamwacha baba wa mtoto wake aende kukimbiza gari kuzunguka kinu cha pamba. Alikuja gerejini asubuhi moja kabla ya kwenda shule anakofundisha, mtoto mgongoni, akanisalimia, akatazama chini kidogo, halafu akasema maneno ambayo nilitembea nayo wiki nzima.

"Baba, mimi simkatazi. Nilijaribu nikashindwa, na nikiona anavyofurahi namwonea huruma. Ila breki zake nataka uzitengeneze wewe."

Nikamwambia sawa, mayu. Kwetu binti unamwita mayu, yaani mama, ukitaka kumtuliza. Akaenda zake. Mimi nikabaki na spana mkononi, nikawa sikumbuki nilikuwa nataka kufungua nini.

Niseme na upande wa mkwe wangu, nisimwonee. Si mhuni. Ni mtumishi wa halmashauri, mpima ardhi, mtu wa Tanga aliyeletwa Bariadi kikazi akamkuta binti yangu hapa. Hanywi, hapigi kelele, Ijumaa yuko msikitini, na akiingia kwangu anainama mpaka naona aibu mimi. Ana hilo gari lake dogo la Kijapani la gia za mkono, na analipenda. Basi kuna vijana wa Mwanza na Shinyanga wenye magari, waliomwomba mwenye kinu kimoja nje ya mji, kinu ambacho msimu ukiisha kinalala, wakimbizane kwenye ile barabara ya lami inayozunguka maghala. Wakati wa pamba malori hupita hapo yakienda kupima. Sasa hakuna lori. Kila gari linakimbia peke yake, wanahesabu muda, basi. Walikuja na helmeti, na gari la wagonjwa lilikuwepo, na ukuta walikuwa wameuwekea matairi. Kwa hiyo sisemi ulikuwa wazimu. Nasema tu kwamba mwisho wa ule mnyoofu wa maghala kuna kona, na kwenye kona kuna kibanda cha mizani cha zege, na zege haina mkwe.

Mimi ni fundi wa darasa la saba. Breki nimezifanya miaka mingi, lakini ni breki za huku kwetu. Huku ni tambarare. Gari la Bariadi linafunga breki kwa sababu mbele kuna ng'ombe, au kuna mtu wa bodaboda amekumbuka jambo katikati ya barabara. Linasimama, linapumzika, linaondoka. Breki ya kukanyagwa kwa nguvu kona baada ya kona, bila kupata nafasi ya kupoa, hiyo sikuwa naijua kwa mikono yangu. Nilimwambia mkwe hivyo. Akasema, kwa upole wake ule, kwamba hapana shaka ninajua zaidi ya ninavyosema. Hilo halikunisaidia. Mtu akikuambia hujui, unaweza kubisha. Akikuambia unajua, unafanyaje?

Tulikaa kwenye benchi, yeye akisoma kwenye simu kwa Kiingereza na kunieleza. Breki, alisema, kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto. Moto ukizidi, pedi zinateleza kama zimepakwa sabuni. Ukizidi zaidi, mafuta ya breki yenyewe yanachemka, na yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini, gari linaendelea. Nilielewa vizuri. Nadhani nilielewa kuliko nilivyotaka.

Basi tukakubaliana mambo ya kufanya, na nilifanya. Nilifungua magurudumu yote nikasafisha kalipa, vile vibanio vya pedi, kwa brashi ya waya, nikapaka grisi zile pini zake mpaka zikawa zinateleza kwa kidole. Diski za mbele zilikuwa nene bado na hazijapinda, nikaziacha. Pedi mpya alikuwa ameagiza mwenyewe, ngumu, za kuvumilia moto. Ile mipira ya breki ya mbele, inayopitisha mafuta kwenda kwenye magurudumu, ilikuwa imechoka, ina nyufa ukiikunja, nikaweka mipya. Yale makopo ya bati nyuma ya diski yanayozuia vumbi niliyatoa ili upepo upite. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Nilisema tutayatoa yote, tutie yale mapya aliyokuja nayo, chupa haijafunguliwa, kwa sababu mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na chupa zetu gerejini tunaachiana wazi kama chumvi.

Ikabaki kutoa upepo, na hapo ndipo ilipoharibika.

Asiyejua kazi hii nimweleze. Kutoa upepo kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali. Mwingine yuko chini kwenye gurudumu, ana spana kwenye kiskrubu kidogo kinachoitwa nepo, na kimpira cheupe kilichochovywa ndani ya chupa. Wa juu akikanyaga, wa chini anafungua, mafuta na viputo vinatoka, anafunga, ndipo wa juu aachie. Wa juu akiachia kabla wa chini hajafunga, mfumo unavuta hewa kurudi ndani, na kazi yote ni bure. Kwa hiyo tunaongea kwa ukali. Kanyaga. Shika. Shika hapo hapo. Achia. Ni kama kulima na maksai, hakuna naomba wala tafadhali.

Mwenzangu ninayefanya naye kazi hiyo siku zote alikuwa amekwenda msibani Nyalikungu. Mkwe akasema atakanyaga yeye.

Sasa hebu fikiri. Mkwe wangu kakaa juu kwenye kiti, mimi baba mkwe wake nimelala chini kwenye gunia. Kwa desturi yetu hata kupita juu ya miguu yangu asingepita. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekalia kiti cha padri. Na mimi ulimi ulikuwa mzito. Nitamwambiaje kanyaga, shika, kama ng'ombe? Nikawa nasema, "Haya, mkwe, ukipenda kanyaga." Naye anajibu, "Nimekanyaga, baba." Nasema, "Basi ushike kidogo." Anasema, "Nimeshika, baba, samahani." Samahani ya nini, sijui. Tulikwenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, tukiombana radhi kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake apite.

Tulipofika gurudumu la nyuma la upande wa kulia, mama yake binti yangu akaingia na chakula. Hakujua kama mkwe yupo. Huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani ovyo. Mmoja akija njiani, mwingine hukaa pembeni. Siku hizi watu wa mjini wameliacha sana jambo hili, hata sisi nyumbani tulikuwa tumelegea. Lakini mkwe wangu alipooa alielezwa na shangazi zangu, na yeye mgeni akaishika desturi kuliko sisi wenye nayo. Nikasikia mlango wa gari, nikaona viatu vyake vinashuka, nikasikia salamu za mbali, yeye kajificha nyuma ya pikapu la mtu. Mimi nepo ilikuwa wazi. Nilifunga. Niliamini nimefunga kwa wakati. Mama naye aliweka sahani, akaondoka haraka, anacheka kwa aibu.

Mkwe aliporudi nilimuuliza pedali ikoje.

"Si haba, baba," akasema.

Nami nikaridhika. Nitaeleza kwa nini, maana ni jambo dogo na bado linanisumbua. Mimi Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani tulisema Kisukuma. Neno haba nililijua kuwa ni kidogo: mvua haba, mavuno haba. Si haba, basi, ni si kidogo. Ni nyingi, imejaa. Mtu akiniambia pedali si haba, ninasikia kwamba pedali imejaa, ni ngumu, ni ya kutosha na kuzidi.

Mimi mwenyewe niliingia nikaijaribu, asije mtu akasema sikujaribu. Niliikanyaga kama tunavyokanyaga mafundi wa malori ya zamani, tap tap tap, na mguu wa tatu ukakutana na jiwe. Nikasema hii nzuri. Sikuwaza kwamba ukipampu hivyo, hata breki yenye upepo itajifanya ngumu. Au niliwaza nikapuuza. Sina hakika, na sitaki kujisingizia wala kujitetea.

Kesho yake alikwenda peke yake barabara ya Lamadi kuzizoeza pedi. Hilo neno la kuzoeza ni langu, nimelitoa kwa ndama wa jembe: pedi mpya hazijui diski, lazima zifundishwe. Unakimbia, unakanyaga kwa nguvu bila kusimama kabisa, unaachia, unakimbia tena, mpaka zinuke. Halafu unatembea polepole zipoe, na usisimame umekanyaga, wala usivute handbreki, maana pedi ya moto itajichora kwenye diski. Alirudi gari linanuka kama nywele zilizoungua. Alikuwa amefurahi. Nikauliza tena habari za pedali.

"Namshukuru Mungu, baba. Si haba."

Nikashukuru na mimi.

Hata hivyo nilikuwa silali vizuri. Nikila nahisi kuna kitu sijakaza. Nikiwa njiani nasikia maneno ya binti yangu, kwamba breki anataka nizitengeneze mimi. Ningekuwa fundi wa mtu mwingine ningemwita mteja, nikamwambia leta gari niangalie tena. Lakini huyu nikimwita tena ni kama nasema sikuamini ulivyokanyaga. Na yeye, nilikuja kujua, alikuwa na lake la kusema na hakulisema kwa sababu kuniambia mimi breki yako ina kasoro ni kama kunitukana mbele ya mke wake.

Jumamosi tulikwenda wote. Binti yangu alikuwa amefunga chakula, mtoto kamfunika na mtandio jua lisimchome. Watu walikuwa wamejaa kwenye kivuli cha ghala, wengine wamepanda juu ya marobota ya magunia matupu. Ilikuwa kama gulio. Vijana wa Shinyanga walikuwa na magari yenye stika na kelele za kutosha, wakamwona mkwe wangu na kigari chake cheupe cha kwendea ofisini, mmoja akamuuliza kama amekuja kupima kiwanja. Mkwe akasema ndiyo, na atakipima kwa miguu minne. Watu wakacheka, hata huyo kijana.

Raundi za kwanza ni za kutembea tu, dereva ajue njia. Mimi nilisimama karibu na kibanda cha mizani, nyuma ya yale matairi, pembeni kiasi cha kuona ubavu wa gari mpaka taa za nyuma, ili nione anavyofunga breki. Gari likaja kwenye ule mnyoofu, si kwa kasi kubwa. Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Zikazima. Zikawaka tena. Akaingia kona, akapita.

Nikasema labda ni macho. Raundi ya pili, mahali pale pale: zikawaka, zikazima, zikawaka. Dereva hakanyagi mara mbili kwa kupenda. Anakanyaga mara mbili kwa sababu ya kwanza haikumjibu.

Nilikwenda mpaka kwenye mstari wa kuanzia nikamwinulia mikono, nadhani nilikimbia, watu walisema nilikimbia. Akasimama, akavua helmeti, akashuka haraka kwa heshima. Binti yangu naye akasogea. Nikamuuliza mbona unakanyaga mara mbili.

"Ile ya kwanza inazama kidogo, baba. Ya pili inashika."

"Tangu lini?"

Akatazama viatu vyake. "Tangu siku ile pale gerejini. Nilidhani breki za mashindano ndivyo zilivyo. Nikasema baba mwenyewe ndiye kaitengeneza."

"Lakini nilikuuliza. Ukaniambia si haba. Mara mbili uliniambia si haba."

Kweli hakuelewa nalalamikia nini. Binti yangu ndiye aliyetazama mmoja wetu, akamtazama mwingine, akaanza kucheka, halafu kicheko kikamkatikia.

"Baba," akasema, "kwao si haba si kwamba imejaa. Ni kushukuru tu. Mtu hana hata unga ndani, ukimuuliza hali anakuambia si haba. Mimi mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpikia wali ukaungua, nikamuuliza chakula kikoje."

"Nikasema si haba," akasema mkwe wangu, taratibu.

"Akasema si haba. Nikampikia hivyo hivyo mwezi mzima."

Wale vijana waliokuwa karibu waliangua kicheko, na mimi nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikuwa naangalia kile kibanda cha mizani. Nilikuwa nafikiri, kwa kasi ya kweli, mguu wa pili angeupata saa ngapi?

Nikasema gari litolewe pembeni, lipoe, tutatoa upepo upya. Nilikuwa nimekuja na spana zangu na mafuta yaliyobaki, chupa nikiwa nimeifunga vizuri. Mkwe akaenda kukaa kwenye kiti. Nikamwambia hapana. Nilitafuta namna ya kulisema bila kumuumiza na sikuipata, kwa hiyo nikasema tu kwamba mimi na yeye tunaheshimiana mno kwa kazi hii. Binti yangu akamkabidhi mtoto kwa mama mmoja pale, akavua ndala, akakaa yeye kwenye usukani.

Huyo hana haya na yeyote. Anafundisha watoto sabini kwenye chumba kimoja. Nilisema kanyaga, akakanyaga. Kabla sijauliza akapaza sauti, "Inazama. Bado inazama. Inazama kama matope, baba." Watu walisikia mpaka kwenye ghala. Mkwe wangu alikataa kusimama. Alilala chini kwenye lami karibu yangu na shati lake la kazini, akashika chupa. Tulikuwa tumelala bega kwa bega kama watu wa shimo moja. Gurudumu la nyuma la kulia, kimpira kikatoa viputo, vikafuatana, vikubwa kwa vidogo, mpaka nikaogopa.

Akasema kwa sauti ya chini, mke wake asisikie, "Siku ile mama alipoingia, niliondoa mguu, baba. Sikungoja useme."

Nami nikamwambia sikumwambia ashike kwa sauti ya kusikika. Nilisema ukipenda. Na nepo ilikuwa wazi nikaifunga baada ya kuona viatu chini, si kabla. Kwa hiyo tugawane. Na mama naye hana kosa, alileta ugali. Akatabasamu.

Tulirudia magurudumu yote. Mwisho binti yangu akasema, "Sasa imegoma." Nikaingia, nikakanyaga mara moja tu, nikaacha mguu pale. Imegoma kweli. Haikushuka.

Halafu likaja jambo gumu kuliko upepo. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Nilijua kwamba nikisema usiende, hataenda. Mkwe hambishii baba mkwe. Angevua ile helmeti, angesema sawa baba, na wasingelisema tena, si leo wala kesho. Na nikisema nenda, ataenda, na kitakachotokea kitakuwa kimetoka mdomoni mwangu. Sikutaka neno langu liwe na uzito huo. Fundi huambiwa wewe ndiye unayejua. Lakini mimi nilikuwa nimejua wiki nzima, na nilikuwa nimekosea wiki nzima.

Nikawaambia wote wawili, polepole, kwamba pedali ni ngumu nimeikanyaga mwenyewe. Kwamba upepo niliouona umetoka. Kwamba moto ukiingia, mimi sijawahi kuona breki zangu kwenye moto wa namna hiyo, na nikisema nina uhakika nitakuwa nadanganya. Nikamuuliza mkwe wangu swali moja.

"Ikianza kuzama tena, utaniambia nini?"

"Nitasema imezama."

"Hata kama ni kidogo?"

"Hata kama ni kidogo, baba."

Binti yangu alimfunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu, akaukaza kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu, akaenda kumchukua mtoto.

Zamu yake ilipofika nilirudi pale pale kwenye kibanda cha mizani. Sikuangalia gari, niliangalia taa. Gari likaja na sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwenye lile gari, sauti ya kitu kidogo kinachojitahidi, na taa zikawaka mara moja. Mara moja tu, zikakaa zimewaka, pua ya gari ikainama, likakata kona. Nikapumua. Likazunguka nyuma ya maghala, sauti ikafifia, ikarudi. Zikawaka mara moja. Raundi iliyofuata, mara moja. Diski nilianza kuziona zina rangi ya moto, na harufu ikafika mpaka nilipo. Mzee mmoja mlinzi wa kinu aliyekuwa kando yangu aliniuliza kwa Kisukuma kama yule ni kijana wangu. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Raundi nyingine ilipokuja, taa ziliwaka mapema. Mapema sana, mbali kabisa na kona, katikati ya mnyoofu. Lakini gari halikuja kwangu. Lilipunguza, likapunguza, likawasha taa ya pembeni, likapita mbele yangu kwa mwendo wa harusi, na ndani nikaona ameinua mkono. Alikuwa na raundi bado. Alizunguka polepole mpaka nyuma ya maghala apoze diski, akarudi, akalisimamisha bila kuvuta handbreki. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi.

Kijana wa Shinyanga, yule yule, akapiga kelele kutoka kivulini, "Mtu wa Tanga umeogopa mizani? Umezidi uzito?" Watu wakacheka. Mkwe wangu alikuja kwangu moja kwa moja, jasho linamtiririka, na hakuinama.

"Imezama, baba. Si sana. Lakini imezama, nimeacha."

Niliingia, nikakanyaga mara moja. Ilikuwa imerefuka, kweli. Si kama ile ya asubuhi, lakini imerefuka. Nikamwambia ni kweli. Nilidhani yameishia hapo. Lakini alikuwa bado amesimama, na akasema jambo jingine, mbele ya wale vijana wote na mbele ya mke wake, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vyake kazini.

"Na ule mpira wa breki wa mbele kulia uliouweka, nadhani umeufunga umejipinda. Nikikata kona kulia nasikia unagusa tairi."

Nisidanganye, iliniuma. Hakuna aliyewahi kuniambia kazi yangu hivyo mbele za watu, na huyu ni mkwe. Kwa muda kidogo nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu kwamba mipira hiyo naijua tangu yeye hajazaliwa. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni kwamba nilijua angekubali.

Niligeuza usukani mpaka mwisho, nikalala chini. Joto la diski lilinipiga usoni. Mpira ulikuwa umejipinda pale pale aliposema, kosa langu la kukaza upande mmoja kabla ya kuulegeza upande mwingine, na tumbo lake lilikuwa limesuguliwa na tairi mpaka ngozi ya juu imetoka, nyuzi zinaonekana ndani, nyeupe kama pamba. Nilizigusa kwa kidole. Kama pedali ilirefuka kwa moto au kwa sababu ya mpira ule kuvimba hapo ulipodhoofu, mpaka leo sijui, na niliowauliza hawakubaliani. Ninachojua ni kwamba raundi zilikuwa zimebaki, na nyuzi zilikuwa hazijabaki nyingi.

Nilitoka chini, nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Njoo uone."

Akaona. Akamwita mke wake naye akachuchumaa akaona, mtoto mgongoni akinyoosha mkono kutaka kuzishika zile nyuzi. Binti yangu hakunilaumu. Alikaa amechuchumaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitaji kuangalia mpira, mkono mmoja juu ya bega langu na mwingine kwenye goti la mume wake. Halafu akauliza tutarudije mjini, maana gari hili halitembei. Mkwe wangu akasema lile la kwanza alilolifikiria, bila kunitazama kwanza kama nitakubali. Alisema tulivute.